Miti ya Washington na Masikio Yetu



Lugha yetu ina kitenzi kimoja tunachokitumia kila siku bila kukitazama vizuri, nacho ni kupunga. Mtu akichoshwa na joto la ndani ya nyumba huaga kwamba anatoka kidogo kupunga upepo. Na mtu akianza kukosa usingizi, akakataa chakula, akawa anasema peke yake, ndugu zake huenda wakamtafutia fundi wa kumpunga pepo. Upepo na pepo ni majirani wanaogusana kuta, kama nyumba za uswahilini. Na hatua mbili mbele yao iko Peponi, ambako wenye kheri wanaahidiwa bustani na mito. Wazee waliotuachia maneno haya hawakuwa na maabara, lakini walijua kwamba mtu hutoka nje akiwa na kitu kifuani, akarudi kikiwa kimepungua.

Makala haya yanahusu kutoka huko nje, hapa tulipo. Tunataka kueleza vile macho na masikio yanavyopokea miti, maji na ndege wa nchi hii ya ugeni, na vile moyo unavyoitikia. Tunalo pia ombi moja, nalo tumeliweka mbele kidogo.

Sisi tunaoishi katika eneo la Washington, yaani jijini DC penyewe na katika vitongoji vya Maryland na Virginia, tumezungukwa na kijani kuliko wakazi wa miji mingi mikubwa. Rock Creek Park, msitu unaopita katikati ya jiji, ulitengwa na Bunge la Marekani tarehe 27 Septemba 1890 na una ekari zipatazo 1,754. Mto wake unaanzia huko juu karibu na Laytonsville, katika Wilaya ya Montgomery, ukashuka taratibu mpaka Potomac. Wakazi wa Silver Spring na Takoma Park wana kijito cha Sligo, chenye njia ya kutembea pembezoni mwake. Wa upande wa Anacostia wana bustani ya maji ya Kenilworth, ambako yungiyungi huchanua wakati wa joto, na ambayo ni mali ya taifa tangu 1938. Wa Alexandria wana vinamasi vya Huntley Meadows. Hakuna hata mahali pamoja kati ya hapo panapotozwa kiingilio.

Hata hivyo, tukiulizana msibani au harusini ni nani amekanyaga mahali hapo mwezi huu, mikono inayonyooka ni michache. Sababu zake zinajulikana. Wengi wetu tunabeba boksi mchana na kulala kwenye zamu nyingine usiku. Kuna wanaowatunza wazee wa watu katika nyumba za wazee, wanaoendesha teksi, wanaosoma huku wakifanya kazi mbili. Siku ya mapumziko ikifika, mtu hufua nguo, hununua chakula, hupiga simu nyumbani, hulala. Msitu unabaki kitu cha kuonekana kupitia dirisha la gari linaloendeshwa kwa haraka.

Tuanze na macho, kwa sababu macho ndiyo huhama haraka. Mgeni akitua hapa mwezi wa Aprili, wiki yake ya kwanza hawezi kuacha kupiga picha. Miti ya cheri iliyozunguka bwawa la Tidal Basin inachanua kwa siku chache, ikawa kama mtu amemwaga pamba iliyochovywa rangi ya waridi. Miti ya mwanzo ililetwa kama zawadi kutoka Tokyo mwaka 1912. Ilikuwa 3,020, na wa kwanza kabisa ulipandwa na Helen Taft, mke wa rais wa wakati huo, tarehe 27 Machi. Kwa hiyo hata uzuri ambao Wamarekani wanauita wao ulikuja kwa meli, ukahofiwa, ukazoea udongo. Shehena iliyotangulia hiyo, ya mwaka 1910, ilikutwa na wadudu na magonjwa ikachomwa moto. Yeyote aliyewahi kusubiri karatasi zake za uhamiaji ataielewa miti hiyo bila mkalimani.

Kwamba macho yakiona majani mwili unapata nafuu, jambo hilo limepimwa. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha uchunguzi wa wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania kati ya 1972 na 1981. Nusu yao walilazwa katika vyumba ambavyo madirisha yake yalitazama miti. Nusu nyingine madirisha yao yalitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti walitoka hospitali mapema kidogo na walihitaji dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo zaidi. Hawakutembea msituni wala hawakugusa jani. Walilala tu wakitazama. Wenzetu mnaofanya kazi katika hospitali na nyumba za wazee, mtakumbuka hilo siku mtakapoamua kitanda cha mgonjwa kielekee wapi.

Mwaka huohuo wa 1984, hapa karibu kabisa, Bethesda, daktari Norman Rosenthal na wenzake wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili walieleza kwa mara ya kwanza kwa jina rasmi ile sonona inayomjia mtu majira ya baridi na kuondoka majira ya kuchipua. Rosenthal alizaliwa Afrika Kusini. Aliingia Marekani katika miaka ya 1970, na kilichomshtua kwanza ni mwili wake mwenyewe, uliopoteza nguvu kila siku zilipofupika. Yaani alikuwa mtu wa kwetu, aliyetoka penye jua, aliyekataa kujiambia kwamba ni uvivu. Katika jumuiya yetu bado tunawasikia watu wakimsema kijana kwamba amebadilika, ameringa, hapokei simu, na kumbe ni mwezi wa Januari, anaingia kazini giza na kutoka giza.

Miti nayo ina sehemu yake katika hali hiyo. Mtu anayeuona msimu wa baridi kwa mara ya kwanza huamini kwamba miti imekufa. Kwetu mti usio na jani hata moja ni mti uliougua, au umepigwa na radi, au nchi imeingia ukame. Macho yaliyokulia Tanga, Bukoba au Kakamega yanapopita kando ya mistari ya miti mitupu ya Maryland, yanapeleka moyoni habari ya msiba ambao haupo. Ndiyo maana tunashauri kutembea msituni hata Januari, japo kwa nusu saa, palipo na jua. Utaona kwamba miti michanga ya beech haiachii majani yake, inayashika yakiwa makavu na meupe mpaka machipukizi mapya yayasukume. Utaona pia kwamba msitu uliovuliwa nguo unakuonyesha umbo la ardhi, mabonde na mawe yaliyofichwa na majani tangu Mei. Macho yakishajifunza kwamba huu ni usingizi, habari ya msiba inakoma kupelekwa.

Sasa tuje kwenye masikio, na hapa ndipo penye neno tunalotaka kulisema. Macho yetu yamehamia Marekani, ila masikio mengi bado yako nyumbani. Baada ya mwaka mmoja, jicho linajua taa za barabarani, rangi za treni, sura ya senti. Sikio halina haraka hiyo. Ukiwa umesinzia kwenye basi, unaposhtuka kwa sauti ya jogoo katika simu ya mtu, unajikuta uwanjani kwenu kabla hujajikumbuka. Tulikulia katika sauti: adhana na kengele ya kanisa, kinu na mchi, ufagio wa asubuhi, minazi ikisuguana, vyura baada ya mvua, muuza kahawa akigonganisha vikombe. Hapa tumepewa mngurumo wa barabara ya Beltway, ving'ora vya magari ya wagonjwa, mashine ya kupasha joto inayowaka na kuzimika, na televisheni iliyoachwa ikisema peke yake ili nyumba isiwe kimya. Moyo unaosikia hayo tu mchana na usiku unakaa kama mtu aliyekalishwa ukingoni mwa kiti.

Watafiti nao wamelifikia jambo hili. Mwaka 2021 Rachel Buxton na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti za nchi mbalimbali pamoja na sauti zilizorekodiwa katika hifadhi 68 za taifa za Marekani. Sauti ya maji iliongoza kwa kuinua furaha, na sauti ya ndege iliongoza kwa kupunguza msongo na kero. Mwaka 2022 watafiti wa Ujerumani waliwasikilizisha watu 295 sauti kwa dakika 6 tu. Waliosikia ndege walipungukiwa na wasiwasi, na waliosikia magari walizidiwa na huzuni. Kumbukeni kwamba hao walikuwa na kompyuta na vipaza sauti vya masikioni, bila hewa wala kivuli. Je, mtu akiwa na hewa na kivuli pamoja na ndege mwenyewe?

Rock Creek yenyewe imetupa somo juu ya hilo. Mwezi wa Aprili 2020, wakati wa ugonjwa wa Uviko, sehemu ya juu ya barabara ya Beach Drive inayopita ndani ya msitu ilifungwa kwa magari, na mwaka 2022 wasimamizi waliamua ibaki imefungwa moja kwa moja. Mto ni uleule na mawe ni yaleyale, lakini ukitembea hapo siku ya kazi unausikia mto ukiwa bado hujauona. Sauti hiyo ilikuwapo siku zote chini ya mngurumo wa magurudumu.

Na wako ndege ambao wafanyakazi wa usiku wanawajua bila kuwajua. Ukishuka kwenye gari saa tisa za usiku, mwezi wa Mei, katika maegesho ya magari, huku miguu inawaka kwa kusimama, unaweza kumsikia ndege akiimba juu ya taa kana kwamba ni alfajiri. Huyo ni mockingbird, ndege wa kijivu asiye na urembo wowote. Dume ambaye hajapata mwenzi huimba usiku kucha. Kazi yake ni kuiga: anachukua sauti ya ndege huyu mara mbili tatu, ya yule mara mbili tatu, hata king'ora cha gari anakitia humo. Watoto wetu hufanya vilevile mezani, Kiingereza, Kiswahili na kilugha katika sentensi moja. Ukishamjua ndege huyo, zamu ya usiku haipungui saa hata moja, lakini anayekufungulia mlango wa nyumba si kimya kitupu.

Yuko pia njiwa wa kahawia, mwembamba, anayekaa juu ya nyaya. Wamarekani wamempa jina lenye maana ya njiwa wa maombolezo, kwa sababu wanaposikia sauti yake wanasikia mtu anayelia. Sisi tukimsikia tunasikia jambo jingine kabisa. Sauti yake inakaribiana sana na ya hua wa kwetu, na hua kwetu ni saa saba mchana, chakula kimeliwa, mkeka umetandikwa chini ya mwembe, watu wazima wamelala na watoto wamekatazwa kupiga kelele. Ndege wa aina moja, mti mmoja, dakika moja: kwa mmoja ni kilio, kwa mwingine ni utulivu. Hapo tunaona kwamba sauti ya msitu haiingii moyoni peke yake. Inaingia ikiwa imeshikwa mkono na kumbukumbu.

Kwa sababu hiyo tusidanganyane kwamba kila kijani kinatuliza kila mtu. Wengi wetu tumelelewa kumwogopa bundi. Akilia juu ya paa watu hutazamana, na mzee huuliza nani anaumwa. Rock Creek ina bundi, na mlio wake jioni unaweza kumrudisha mtu mzima mwenye shahada mbili kwenye gari lake kwa mwendo wa haraka. Neno msitu lenyewe kwetu halikuwa neno la matembezi. Msituni kuna nyoka, kuna chui, kuna wenyewe wasiotajwa usiku. Na wako wenzetu waliotoka Kivu, ambao walilala msituni wakikimbia bunduki. Kwao, ukimya wa miti ni ule unaotangulia jambo. Kuwaambia watu hao waende porini watulie ni kukosa adabu. Wao huanza mahali palipo wazi, penye nyasi fupi na watu wengi na watoto wanaocheza mpira, na huenda wakabaki hapohapo, na hilo linatosha.

Iko pia hofu ya kutazamwa. Tarehe 25 Mei 2020, Christian Cooper, Mmarekani mweusi anayependa kutazama ndege, alikuwa Central Park, New York, alipomwomba mwanamke mmoja amfunge mbwa wake kamba. Mwanamke huyo akawapigia polisi simu na kuwaambia kwamba mwanamume mweusi anamtishia. Siku chache baadaye watazamaji ndege weusi wa nchi hii walianzisha wiki yao maalumu, ili waonekane wazi kwamba wao pia wamo katika bustani hizi. Mwafrika mwenye darubini mkononi chini ya mti bado hujiuliza mara mbili. Ni vizuri kulisema hilo, kisha kwenda, ikiwezekana wawili au watatu pamoja.

Wasomaji wengine watasema mambo ya bustani na ndege ni ya wazungu. Hapo tunakataa. Pwani ya Kenya, Wamijikenda wamezihifadhi kaya zao, misitu ambayo wazee huilinda na ambayo ndani yake mtu hakati mti wala hapayuki ovyo. UNESCO ilizitia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, lakini wazee walizijua thamani yake bila orodha. Wangari Maathai naye, alipopokea Tuzo ya Nobeli ya Amani huko Oslo mwaka 2004, alimaliza hotuba yake kwa kusimulia kijito cha utotoni mwake karibu na kwao, alikoteka maji kwa ajili ya mama yake, akicheza kati ya majani ya magimbi na kujaribu kuyaokota mayai ya vyura akidhani ni shanga. Miaka hamsini baadaye kijito kilikuwa kimekauka. Mbele ya wakubwa wa dunia, mama yule alichagua kuomboleza kijito na vyura.

Tena aliulipia upendo huo. Mwaka 1989 alipinga jengo la ghorofa 60 lililotakiwa kusimamishwa ndani ya Uhuru Park, Nairobi, na jengo halikujengwa. Januari 1999 alipigwa na kujeruhiwa kichwani alipokwenda kupanda miti katika msitu wa Karura, uliokuwa ukigawiwa watu binafsi. Leo wakazi wa Nairobi wanatembea Karura na watoto wao. Mtu hawezi kumwaga damu kwa ajili ya jambo la wazungu. Alijua kwamba maskini wa mjini, asiye na ua wala kibaraza, hana mahali pengine pa kupungia upepo.

Na sasa tufike kwenye ombi letu. Linawahusu mama zetu.

Kila mwaka wanashuka Dulles wakiwa na koti lisilowatosha na begi lenye dagaa, unga wa muhogo na dawa za mtoto mchanga. Wamekuja kulea. Mzazi anarudi kazini wiki chache tu baada ya kujifungua, malezi ya watoto hapa bei yake haishikiki, na bibi ndiye jibu. Anakaa miezi sita ghorofa ya tisa. Dirisha linatazama maegesho ya magari. Mlango unafungwa kwa ndani, maana ameambiwa asimfungulie mtu. Wenye nyumba wanaondoka asubuhi na kurudi usiku. Mwanamke ambaye kwao hapiti njiani bila kuamkiwa na watu ishirini, anashinda na mtoto asiyesema na televisheni asiyoielewa. Mwezi wa pili anaanza kulalamika miguu. Mwezi wa tatu anasema chakula cha huku hakina ladha. Mwezi wa nne anauliza tarehe ya tiketi kila siku. Tunampeleka kwa daktari na vipimo vyote vinatoka vizuri.

Tumewaona mama hao siku wanapotolewa nje, na tungependa kila mwenye mgeni wa namna hiyo aone. Pale Sligo, jambo la kwanza wanaloliona ni kuni. "Mwanangu, kuni zote hizi zinaachwa zioze?" Kulungu akivuka njia bila wasiwasi: "Na huyu mwenyewe nani?" Mchicha pori uliojiotea kando ya uzio unatambuliwa kutoka mbali, na tunalazimika kueleza kwamba bustanini hapachumwi kitu, na kwamba majani fulani ya matatumatatu yanawasha vibaya kuliko upupu. Kisha wanakaa kwenye benchi karibu na maji, mtoto mapajani, na hapo mazungumzo yanabadilika. Yanaanza kwa hua aliye juu ya mti. Mama anageuza kichwa. "Kumbe na huku wapo." Na baada ya hapo anaanza kusimulia: mto wa kijijini kwao, mwaka wa mafuriko, ndugu yake aliyekufa mdogo, nyimbo walizoimba wakichota maji. Mambo ambayo mtoto wake, mwenye miaka arobaini, anayasikia kwa mara ya kwanza, katika jimbo la Maryland.

Hatusemi kwamba benchi linamaliza upweke. Miguu huenda ikaendelea kuuma. Lakini mama aliyetoka anarudi na habari, na mwenye habari ana la kuongea na mtu jioni. Masikio yake yamepata pa kushika. Hapa Washington daktari wa watoto Robert Zarr alianza miaka ya 2010 kuwaandikia wagonjwa wake bustani kama wengine wanavyoandikiwa vidonge: bustani ipi, siku gani, kwa muda gani, kisha akaanzisha shirika la Park Rx America ili madaktari wengine wafanye vivyo hivyo. Ombi letu ni kwamba tuwaandikie mama zetu dawa hiyo sisi wenyewe. Mara moja kwa wiki, saa moja. Kama mwenye nyumba yuko kazini, basi jirani, au kijana wa chuo asiye na zamu, ampitie. Vyama vyetu vina orodha za kuchangiana misiba. Orodha ya kuwatoa wazee nje haina gharama hata ya maua. Wavae soksi ndefu na wakaguliwe kupe wakirudi, maana kupe wa huku wana ugonjwa wao.

Na kwa kuwa tumetaja vyama, kuna nyama choma. Kila kiangazi jumuiya zetu hukodi mabanda katika bustani hizihizi, na ni jambo jema: watoto wanajuana, vijana wanaoana, waliogombana wanapatana kwa sababu ya mbavu. Ila tunafika na vipaza sauti vikubwa kuliko watu, na kabla mkaa haujakolea, ndege wa eneo zima wameshahamia wilaya nyingine. Tunapendekeza nusu saa moja ya mwanzo, kabla ya muziki. Watoto wapelekwe ukingoni mwa maji na mtu mzima mmoja, wafumbe macho, wahesabu sauti wanazozisikia, kisha wazitaje kwa Kiswahili. Mtoto aliyezaliwa Silver Spring atalijua neno kijito akiwa amekisikia. Baada ya hapo muziki upigwe, na nyama iliwe.

Kuna sauti moja ambayo haihitaji kutafutwa. Waliokuwa hapa mwaka 2004 wanaikumbuka, na waliokuwa hapa mwaka 2021 pia. Mwezi wa Mei ardhi ilitoboka matundu, na mabilioni ya nyenje wenye macho mekundu wakapanda mitini wakapiga kelele mpaka watu wakashindwa kusikilizana uani. Nyenje hao hukaa chini ya ardhi miaka 17 wakinyonya maji ya mizizi, wanatoka wiki chache, wanaimba, wanataga, wanakufa. Walitoka 1987, wakatoka 2004, wakatoka 2021. Watatoka tena 2038.

Waliofika hapa karibu na 2004 aghalabu walifika na hesabu ya miaka mitano: shahada, akiba, nyumba kijijini, kisha kurudi. Mtoto aliyezaliwa wakati nyenje wale wanaimba alikuwa anamaliza sekondari walipotoka tena, na wazazi wake walikuwa bado wanahesabu mitano. Wengine wamerudi nyumbani. Wengine tumewazika hapa. Wengine bado tunaendelea na hesabu ileile. Hatujui 2038 nani atakuwa wapi. Lakini yuko kichanga sasa hivi ghorofa ya tisa, mapajani mwa bibi yake, ambaye mwaka huo atayasikia makelele hayo akiwa kijana mkubwa. Ikiwa leo bibi atatolewa nje pamoja naye, huenda siku hiyo akawaambia wenzake jina la mdudu yule kwa Kiswahili, na aliyemfundisha.